Picha Hii Ni ya Siku ya Ngapi?
Mwongozo wa kipimo cha ubongo kwa mtoto aliyepoteza fahamu kwa homa ya virusi

Juzi alikuwa na mafua tu. Jana homa ikapanda, jioni degedege likamshika, na tangu alfajiri unamwita jina lake hageuki. Sasa daktari amesimama miguuni pa kitanda anakwambia mtoto anahitaji kupigwa picha ya ubongo.

Mwongozo huu ni wa saa hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya mama, baba, bibi au shangazi anayelala kwenye kiti kando ya kitanda, na kwa tabibu kijana anayetakiwa kumweleza ndugu wa mgonjwa kinachoendelea ilhali naye ana wodi nzima inayomsubiri.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Ensefalopathia ni kuvurugika kwa kazi ya ubongo: mtoto analala kupita kiasi, anaweweseka, hawatambui watu wake, na hali hiyo inaendelea kwa saa 24 au zaidi. Haifanani na degedege la kawaida la homa, ambalo mtoto hutetemeka dakika chache, akalala kidogo, kisha akaamka na kudai maji. Kwa watoto wadogo mara nyingi huanzia kwenye maradhi ambayo kila nyumba inayajua: homa ya mafua, virusi vya rota vinavyoharisha, au virusi vya herpesi aina ya 6, vile vinavyoleta homa kali ya siku tatu nne na vipele vyekundu homa inaposhuka.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba katika aina kadhaa za ugonjwa huu virusi havipatikani ndani ya ubongo. Kinga ya mwili ndiyo inayowaka kupita kiasi. Kemikali zake hutapakaa kwenye damu, mishipa myembamba ya ubongo huanza kuvuja, ubongo ukavimba. Ndiyo maana maji ya uti wa mgongo yanaweza kutoka safi huku mtoto yuko hoi. Na ndiyo maana picha ina nafasi yake hapa: huonyesha madhara ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuyaonyesha.

Hatua ya 1: Andika saa

Hii hatua ni yako, hakuna mwingine wodini anayeweza kuifanya. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, geuza nyuma, andika: homa ilianza siku gani, degedege la kwanza lilikuja saa ngapi, lilidumu dakika ngapi, lilitikisa mwili wote au upande mmoja, baada yake mtoto alizinduka au la, na kama alizinduka, alikujua? Kama lilirudi, andika la pili kivyake.

Angalia saa unayoitumia. Wewe unasema saa mbili usiku, faili la hospitali linaandika saa 20:00, na nesi wa zamu ya asubuhi anaweza kuisoma mbili yako kama usiku wa manane. Andika "usiku mapema", "alfajiri", "baada ya swala ya magharibi", chochote kisichoweza kugeuzwa maana.

Andika pia dawa zote. Aspirini haifai kwa mtoto mwenye mafua au tetekuwanga, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na kuvimbisha ubongo. Diklofenaki nayo, ambayo huku kwetu hununuliwa dukani kama pipi, madaktari wa Japani waliihusisha na vifo vingi zaidi miongoni mwa watoto wenye ensefalopathia ya mafua. Kama mtoto alifukizwa moshi au alinyweshwa dawa ya mizizi kabla ya kuletwa, sema bila aibu. Najua wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, na kwa imani hiyo watoto hufika wamechelewa. Usifiche kuchelewa. Tabibu anayejua kwamba hii ni siku ya tatu na si ya kwanza ataiona picha kwa jicho jingine kabisa, kama utakavyosoma mbele.

Hatua ya 2: Hakikisha picha haitangulii matibabu

Mtoto aliyezimia hasukumwi moja kwa moja kwenye mashine. Njia ya hewa ikae wazi, apewe oksijeni akiihitaji, degedege lisimamishwe. Sukari ipimwe papo hapo kwa tone la damu kidoleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto mwenye lishe nzuri atibiwe sukari ikishuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, na mwenye utapiamlo mkali ikishuka chini ya 3. Sukari iliyoshuka inaweza kumzimisha mtoto na kumtia degedege peke yake, na ikiachwa humwachia kovu la ubongo.

Kwa ukanda wetu kipimo cha malaria ni lazima, hata kama mafua yanaonekana wazi puani. Malaria ya kichwa na ensefalopathia ya virusi hufanana mlangoni. Kuna pia homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, na kwa mtoto mwenye selimundu kuna kiharusi. Hayo yote yatafutwe.

Utamwona daktari akimfinya mtoto ukucha au akimkandamiza mfupa wa kifua. Hamtesi. Anahesabu alama za fahamu, na kwa watoto wasioweza kuongea wengi hutumia kipimo cha Blantyre, kilichotokana na wodi za Malawi: alama 5 ni mtoto mzima wa fahamu, 2 kushuka chini ni kupoteza fahamu kabisa. Uliza ni alama ngapi, iandike na saa yake. Kesho utajua anapanda au anashuka.

Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kwa sindano ndogo kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Kipimo hicho hakimlemazi mtoto. Lakini kama kuna dalili za shinikizo kubwa kichwani (mboni za macho hazilingani, upande mmoja wa mwili umelegea, fahamu iko chini mno), daktari atachelewesha sindano hiyo na kutangulia picha. Hata hapo, dawa ya kuua bakteria na asaikloviri, inayopambana na virusi vya herpesi simpleksi, zianze. Herpesi simpleksi hutafuna ubongo kwa saa, na asaikloviri iliyosubiri foleni ya mashine ni asaikloviri iliyochelewa. Ukiambiwa picha ni kesho, una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, na dawa je, zimeanza?"

Hatua ya 3: Jua anapelekwa mashine ipi

Kama utosi wa mtoto bado haujafunga, ultrasaundi inaweza kupita hapo na kuonyesha vyumba vya maji vya ubongo, damu iliyovuja, uvimbe mkubwa. Inafanyika kitandani, haina mionzi. Vidonda vidogo haivioni.

Kipimo cha CT kinatumia mionzi ya eksirei, na kichwa huisha kwa dakika chache. Ndicho kinachopatikana zaidi katika hospitali zetu za rufaa na ndicho sahihi kunapokuwa na haraka: kuvuja damu, uvimbe unaotishia kukandamiza shina la ubongo, jipu, maji yaliyojaa. Huonyesha pia chembe za chokaa zinazojikusanya ndani kabisa ya ubongo wa baadhi ya watoto wanaoishi na VVU. Mionzi yake si ya kupuuzwa kwa mtoto, hivyo kisirudiwe bila sababu. Ila kwa mtoto aliye taabani, faida inazidi hatari hiyo. Udhaifu wake mkubwa kwa ugonjwa huu ni kwamba siku za mwanzo kinaweza kutoka kizuri kabisa wakati ubongo tayari umeumia.

MRI haina mionzi. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na ndani yake kuna picha moja ambayo kwa watoto hawa ina thamani kuliko zote: picha ya mtawanyiko wa maji. Chembechembe za maji katika ubongo wenye afya huzungukazunguka kwa uhuru. Seli ikivimba kwa kuumia, maji hunaswa, na mahali hapo hung'aa kwenye picha, mara nyingi kabla picha nyingine yoyote haijaonyesha kitu. Mashine ikiwa na foleni, au mtoto akishindwa kutulia, tabibu na aombe picha hiyo itangulie.

Kwamba MRI inaweza kufanya kazi kubwa katika hospitali ya Kiafrika, Malawi imetuonyesha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre waliwapiga picha watoto wenye malaria ya kichwa kwa mashine yenye sumaku ya nguvu ndogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalihusu watoto 168. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Kati ya 143 waliopona, 39 tu ndio waliokuwa nao. Malaria si virusi, lakini somo linatuhusu: hadi hapo watu walibishana kwa miaka mingi nini hasa kinamuua mtoto, na picha ikaelekeza kidole kwenye uvimbe. Na baadhi ya waliopona uvimbe wao ulipungua ndani ya siku chache, picha baada ya picha.

Hatua ya 4: Mwandae mtoto

CT ya kichwa mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi. MRI ni nyingine: mtoto atalala kwenye bomba jembamba kati ya dakika 20 na 45, na akitingisha kichwa picha inaharibika. Mtoto mchanga anaweza kunyonyeshwa hadi ashibe, akaviringishwa vizuri kwenye blanketi, akalala mwenyewe. Mkubwa kidogo atahitaji dawa ya usingizi au nusukaputi.

Kwa dawa hiyo tumbo liwe tupu. Utaratibu uliozoeleka ni saa 6 bila chakula au maziwa ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Bibi akija na uji, ukae pembeni, na umweleze kwa nini: mtoto aliyelazwa usingizi akitapika, uji unaweza kuingia mapafuni. Lakini kufunga huko kusiwe njaa ya siku nzima kwa sababu foleni imesogea. Sukari ya mtoto mgonjwa hushuka haraka. Akikaa bila kula, aning'iniziwe dripu yenye glukosi na apimwe tena.

Mtoto asiye na fahamu asipelekwe na mhudumu wa kusukuma kitanda peke yake. Aende na nesi au daktari anayeweza kumpumulisha njiani, na kifaa cha kupima oksijeni kikiwa kidoleni. Kama mashine iko mji mwingine, swali la kumuuliza daktari ni hili: safari hii itabadilisha nini katika matibabu yake leo? Kuna nyakati jibu la kweli ni kwamba mtoto atulie kwanza na picha ifuate. Hilo nalo ni matibabu.

Hatua ya 5: Vua kila chuma

Sumaku ya MRI ya kawaida ya hospitali, yenye nguvu ya tesla 1.5, inazidi nguvu ya sumaku ya dunia takriban mara 30,000, na haizimwi mgonjwa akitoka. Vua hereni, bangili, shanga zenye waya, hirizi yenye chuma, pini ya usalama kwenye nepi. Kama hirizi ni ya familia na unaogopa kuitoa, ishike wewe nje ya mlango. Wewe mwenyewe ukiingia, acha simu, funguo, sidiria yenye waya na sarafu. Sema kama mtoto amewahi kuwekewa mpira wa kupunguza maji kichwani au kifaa chochote mwilini.

Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya MRI alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuingizwa chumbani. Sumaku iliunyakua ukampiga kichwani. Mtoto wako huenda naye yuko kwenye oksijeni. Uliza kabla mlango haujafunguliwa: mtungi huu unaruhusiwa ndani?

Mashine inagonga kwa kelele kubwa. Mtoto azibwe masikio, hata akiwa hana fahamu.

Hatua ya 6: Isome ripoti pamoja na daktari

Ripoti itakuja na maneno mazito. Huna haja ya kuyajua yote, lakini kuna sura nne zinazofaa kuzifahamu, na tatu kati ya hizo tumezijua kwa sehemu kubwa kupitia madaktari wa watoto wa Japani, waliofuatilia ensefalopathia ya mafua kwa bidii isiyo ya kawaida.

Ya kwanza ni thalamasi zote mbili. Hizi ni vinundu viwili vilivyo katikati ya ubongo, kulia na kushoto, ambavyo habari karibu zote za mwili hupitia kwenda juu. Zikiumia zote kwa usawa, daktari ataitafakari ensefalopathia kali ya nekrosisi, iliyoelezwa na Masashi Mizuguchi na wenzake mwaka 1995. Ni ya hatari; mtoto aliyekuwa na mafua jana anaweza kuzama ndani ya siku moja. Atakachotafuta msomaji wa picha baada ya thalamasi ni shina la ubongo, mahali pumzi na mapigo ya moyo yanakoongozwa. Mwaka 2009 madaktari wa Japani waliripoti kwamba watoto ambao shina lao halikuguswa walipona vizuri zaidi walipopewa dawa za steroidi ndani ya saa 24. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba baadhi ya familia hurithi hitilafu katika jini liitwalo RANBP2, na katika familia hizo ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo kama kuna ndugu, binamu au mjomba aliyewahi kuzimia hivi kwa homa, sema. Inaweza kuonekana habari ya ukoo tu, kumbe ndiyo jibu.

Ya pili inang'aa katika daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, sehemu yake ya nyuma. Mtoto huweweseka, huona vitu visivyokuwapo, huenda akapata degedege. Picha inatisha, lakini doa likiwa hapo peke yake habari ni njema: kwa kawaida hutoweka ndani ya siku au wiki chache, na mtoto hurudi kama alivyokuwa. Mara nyingi chumvi ya damu, yaani sodiamu, huwa imeshuka, kwa hiyo iangaliwe.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Siku ya kwanza ya homa mtoto, aghalabu wa mwaka mmoja hivi, anapata degedege refu. Linasimamishwa. Anazinduka, au karibu azinduke. Anamtazama mama, pengine ananyonya. Picha inapigwa siku ya kwanza au ya pili, inatoka safi. Watu wanamshukuru Mungu, wanafunga mizigo. Kisha siku ya nne hadi ya sita degedege linarudi, fupifupi, moja baada ya jingine, na fahamu inashuka. Picha ya sasa inaonyesha mada nyeupe iliyo chini ya gamba la ubongo iking'aa, hasa sehemu ya mbele, mfano wa mti wenye matawi meupe. Aina hii ndiyo inayoongoza Japani, na virusi vya herpesi aina ya 6 na vya mafua ndivyo vinavyotajwa zaidi. Watoto wengi huishi, lakini wengi hubaki na ulemavu wa kujifunza, kuongea au kutembea.

Umeona sasa kwa nini nilikwambia uandike saa. Picha ya siku ya pili haikukosea. Ilipigwa kabla ya jeraha kuonekana.

Ya nne ni ya herpesi simpleksi: sehemu za ubongo zilizo karibu na masikio, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, ingawa kwa watoto wachanga jeraha linaweza kuwa popote. Hapa asaikloviri haikatizwi kwa sababu mtoto ameanza kucheka. Huendelea kwa mshipa kwa wiki mbili hadi tatu.

Hatua ya 7: Picha ikitoka safi, usifungashe

Uliza maswali mawili: picha hii ni ya siku ya ngapi tangu homa ianze, na ni ya CT au MRI? CT safi ya siku ya kwanza kwa mtoto ambaye bado hatambui watu haimalizi kazi. MRI safi ya siku ya pili baada ya degedege la zaidi ya nusu saa nayo haimalizi.

Mtoto wa namna hiyo abaki chini ya uangalizi walau hadi siku ya sita au ya saba ipite. Mahali pasipo na MRI jicho la mama linafanya kazi kubwa. Bibi mmoja niliyemkuta wodini alikuwa akimtazama mjukuu wake anavyoshika kijiko. Asubuhi ya siku ya tano akaniambia mkono umebadilika, haushiki kama jana. Mchana degedege likarudi. Hakujua jina la ugonjwa, lakini alijua mkono wa mjukuu wake. Ukiona hivyo, usingoje raundi ya daktari. Mwite nesi.

Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Omba nakala ya picha, iwe kwenye diski au karatasi yake, pamoja na ripoti iliyoandikwa. Ripoti bila picha ni nusu ya habari, maana mtaalamu wa mji mwingine atataka kuona kwa macho yake. Ziweke kwenye bahasha ngumu, mbali na joto la paa la bati.

Mtoto apimwe usikivu, macho, utembeaji na usemi, na mazoezi ya viungo yaanze mapema, hata kama anaonekana "anarudi mwenyewe". Kama alikuwa amekaa na sasa hakai, mweleze daktari alifikia wapi kabla ya kuugua; wewe ndiye unayekumbuka. Degedege likirudi bila homa, rudi hospitali. Chanjo zake za kawaida, ya surua na ya rota, zisiachwe kwa hofu. Muulize daktari lini aendelee, na kama chanjo ya mafua inapatikana mlipo.

Daktari anaweza kuomba picha nyingine baada ya miezi kadhaa, kuona kama ubongo umesinyaa au umekua vizuri. Siku hiyo nenda na bahasha yote. Juu ya kila picha andika kwa kalamu ya wino mzito: siku ya 2 ya homa, siku ya 6, degedege la pili, mwezi wa 3. Na kadi ya kliniki, ile yenye saa nyuma yake, iwe ya kwanza kutoka kwenye bahasha.